Ujira wa Mwimbaji

Mwaka uliopita, katika arusi moja ya jirani zetu, lilitokea neno ambalo limetufikirisha siku nyingi. Mpiga gitaa alialikwa, akapiga na kuimba tangu magharibi hata majogoo. Asubuhi alipotaka fedha aliyoahidiwa, mzee mmoja wa arusi akamwambia, "Mwanangu, sauti hiyo Mungu alikupa bure. Mbona wewe waiuza?" Watu wakacheka. Mpigaji naye akacheka, walakini akaenda zake na nusu ya ahadi. Nasi tulikuwapo, tumekwisha kula wali, tukanyamaza.

Neno la yule mzee si la kipumbavu, na kwa hiyo twataka kulichungua. Ni kweli sauti ni kipaji. Lakini mvua nayo hatuinunui, wala hatujasikia mkulima akiambiwa atoe mahindi yake bure kwa sababu hiyo. Auzacho mwimbaji si kipaji, bali ni usiku ule asiolala, na miaka ya kujifunza vidole vikichubuka, na shamba lake lililobaki na magugu siku alipokuwa kwetu. Asomaye kitabu cha Nehemia, sura ya 13, ataona ya kuwa Nehemia aliporudi Yerusalemu alikuta Walawi na waimbaji wa hekalu wametawanyika, kila mtu amekimbilia shambani kwake, kwa kuwa hawakupewa posho zao. Nehemia hakuwakemea waimbaji kwamba wanapenda mali. Aligombana na wakubwa wa mji.

Basi mwimbaji na ale. Hapo ndipo laja swali lililo gumu zaidi: ale kwa mkono wa nani?

Tumtazame Johann Sebastian Bach, Mjerumani, ambaye tenzi alizozipanga kwa sauti nne zaimbwa na kwaya nyingi hata leo. Tangu mwaka 1723 hata alipokufa mwaka 1750 alikuwa mkuu wa waimbaji katika mji wa Leipzig. Mtu angedhani kwamba mwenye cheo kama hicho aliishi kwa mshahara tu. Sivyo. Alipewa nyumba, na mshahara wa kudumu uliokuwa sehemu ndogo ya mapato yake. Nyingine zilitoka katika ada za arusi na za mazishi. Tena alifundisha wanafunzi kwa malipo, akaitwa miji mingine kukagua vinanda vipya vya makanisa, akachapisha vitabu vya muziki wake akaviuza. Mwaka 1730 alimwandikia barua rafiki yake Georg Erdmann, akamweleza ya kuwa kazi yake yamletea kama thaler 700 kwa mwaka, yaani fedha ya huko. Wakifa watu wengi, mapato huongezeka. Hewa ikiwa njema, hupungua. Akasema kwamba mwaka uliotangulia alipungukiwa na thaler zaidi ya 100 za mazishi, maana watu walikuwa na afya.

Twakiri kwamba tuliposoma habari hii mara ya kwanza tulichukizwa. Mtu wa namna gani huhesabu hasara kwa kuwa jirani zake hawakufa? Halafu tukakumbuka ya kuwa Bach alizaliwa watoto 20, na nusu yao hawakufikia utu uzima. Hakuwa mgeni wa makaburi. Aibu, kwa maoni yetu, haikuwa yake. Ilikuwa ya mji ule uliouweka mkate wa mtu ndani ya msiba wa mwenzake, kisha ukamtazamia asiutamani. Hata kwetu wako watu wanaolipwa kwa msiba, na twawatazama kwa jicho la pembeni, hali sisi ndio tuliowaita.

Walakini mtu asiseme upesi, "Afadhali angekuwa na bwana mmoja, mshahara mmoja, moyo ukatulia." Bach alikuwa naye bwana kama huyo hapo kwanza. Alimtumikia mtawala wa Weimar. Na mwaka 1717 alipopata kazi mahali pengine akashikilia kupewa ruhusa ya kuondoka, mtawala yule alimtia kifungoni karibu wiki nne, ndipo akamwacha aende. Mkono mmoja ukilisha, mkono huo huo huweza kufunga mlango. Alaye katika vyungu vingi hana wa kumfunga, ila vyungu vyote vyamvuta, hiki huku na hiki kule: arusini husifu, matangani hulia, na mbele ya tajiri husahau aliyoyaimba jana mbele ya maskini. Hatujui njia ya tatu isiyo na hatari. Twaona tu kwamba hatari ya vyungu vingi mwenye moyo thabiti aweza kuishinda, bali kufuli haishindwi kwa moyo thabiti.

Hayo yote ni malipo ya mtu aliyepo, anayeonekana. Liko lingine. Zamani aliyesikia wimbo alimwona mwimbaji, akajua wa kumtuza. Siti binti Saad, aliyetoka kijiji cha Fumba katika Unguja, ambaye husimuliwa kwamba alinadi vyungu kwa kuimba, alituzwa hivyo na waliomsikiliza. Hata mwaka 1928 akavuka bahari kwenda Bombay, akaimba mbele ya mashine, na santuri zake zikaenea pwani yote. Tangu hapo wimbo ukajifunza kutembea peke yake. Waliousikia mjini na mashambani hawakuwa na uso wa kuutazama, na mkono ulio na sarafu haukujua uende wapi. Sasa ndio zaidi, maana wimbo huingia katika simu ya mtoto kabla baba yake hajaamka.

Katika Afrika Kusini alikuwako Mzulu, jina lake Solomon Linda. Mwaka 1939, katika Johannesburg, yeye na wenzake waliimba wimbo uitwao Mbube, maana yake simba, ukatiwa katika santuri. Ulipendwa mno. Mwaka 1952 alitia sahihi karatasi ya kutoa haki za wimbo ule kwa shilingi 10. Wimbo ukafika Marekani, ukavikwa maneno ya Kiingereza, na mwaka 1961 vijana wa huko wakauimba ukasikika dunia nzima. Mwaka 1962 Linda akafa maskini. Yako mambo ya sheria hapa yafaayo kujulikana: sheria ya Kiingereza ya mwaka 1911, iliyotumika huko pia, ilisema ya kuwa haki zilizotolewa namna hiyo hurudi kwa warithi miaka 25 baada ya kifo cha mtungaji. Kwa neno hilo binti zake walidai, na mwaka 2006 yakafanyika mapatano, wakapewa fungu lao.

Mtu atasema, karatasi ilikuwa na sahihi, na shilingi 10 zilipokewa. Ndiyo. Lakini mwenye njaa hukubali bei yo yote, na anunuaye kwa mwenye njaa ajua analolifanya. Tena watu watatuuliza, "Na nyimbo za babu zetu je? Za kutwanga, za kubembeleza mtoto, nazo tulipe?" Hapana. Hizo zimetungwa na vinywa vingi hata hazina mwenyewe, na aliyezitia mkononi mwake akasema ni zake peke yake ndiye mwizi. Lakini tusijifiche nyuma ya babu zetu. Twaijua tofauti ya wimbo usio na mwenyewe na wimbo ambao mwenyewe hatukutaka kumtafuta.

Baada ya arusi ile tulilifungua daftari la kwaya yetu, lililoandikwa kwa mikono yetu sisi walimu. Mna nyimbo 43. Majina ya watungaji ni 6. Wimbo mmoja, ambao kwaya yetu huimba kila Krismasi na ambao mwaka juzi tulialikwa nao mjini tukapewa fedha ya kununulia sare, ulitungwa na mtu aliye hai, alimaye mihogo ng'ambo ya mto, mwendo wa saa mbili. Yeye hakupata kudai kitu. Husikiliza akiwa amesimama nje, chini ya mwembe, huku anatikisa kichwa pale wanaume wanapokosea sauti ya chini.

Jina lake tumelitia juu ya wimbo, kwa wino. Mhazini wa kwaya ameuliza apelekewe kiasi gani, na sare zimekwisha kununuliwa. Wengine wamesema kuku. Wengine wamesema aulizwe mwenyewe, nasi tumepewa kazi ya kwenda kumwuliza Jumamosi.