Ila ya Nyumba Iuzwayo

Mtu akikusudia kuuza nyumba yake hapa Kakamega, aghalabu jambo la kwanza afanyalo ni kuipaka rangi. Rangi si dhambi. Lakini jiulize, msomaji, nyuma yake mna nini? Nchi hii ni ya mvua nyingi na mchwa wengi. Kumbikumbi tuwalao kwa furaha ni jamaa ya wale wanaotafuna nguzo kimyakimya, hata mti ukabaki ganda. Mnunuzi aendaye katika ofisi ya ardhi huonyeshwa mwenye mali, na rehani kama ipo. Mchwa hawaandikwi daftarini.

Swali hili ni la kale. Cicero wa Roma, katika kitabu cha wajibu alichokiandika mwaka 44 kabla ya Kristo, alisimulia mabishano juu ya nyumba yenye mbao mbovu na nyoka vyumbani, ambayo ila zake alizijua mwenyewe tu. Diogenes alitetea kwamba muuzaji hakumlazimisha mtu kununua. Antipater alijibu kwamba kunyamaza ni kama kukataa kumwonyesha njia aliyepotea.

Mimi ni wa upande wa Antipater, lakini yuko muuzaji wa tatu. Huyu hadanganyi, kwa sababu hajui. Na hajui kwa sababu hakutaka kujua. Fundi angechoma nguzo kwa bisibisi, akapanda darini kutazama mabati, kwa ujira wa siku moja. Hakuitwa, asije akasema neno la kupunguza bei. Je, ujinga wa namna hii ni udhuru? Siuoni kuwa udhuru. Chini ya dari ile watalala watoto, nao hawakuwapo bei ilipopatanwa.