Hiari ya mpagazi

Je, mtu aliyechagua kati ya shimo na mwiba amechagua kwa hiari? Swali hili lilikuwa na mwili na jasho huku Thika na Ruiru mwaka 1917, ofisa wa kikoloni John Ainsworth aliposimamia uandikishaji mkubwa wa wapagazi wa jeshi la Uingereza. Vita vilivyoanzia Ulaya Julai 1914 vilikuwa vimefika Afrika Mashariki vikiwa na bunduki za rashasha, lakini bila lori za kutosha, na mbung'o waliua wanyama wa mizigo. Yakabaki mabega ya watu. Walioajiriwa katika mashamba ya walowezi walisamehewa. Vijana wengi wakakimbilia kahawa na katani.

Watetezi wa dola walisema hao waliomba kazi wenyewe, hakuna aliyewaburura. Hoja hiyo ina uzito kidogo: kweli walipima, wakaamua, na kuwaita vibaraka wasio na akili ni kuwadharau. Ila ridhaa hudai mlango wa tatu, yaani kubaki nyumbani, na mlango huo ulifungwa na yuleyule aliyenufaika na miwili iliyobaki.

Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alisalimisha silaha Abercorn tarehe 25 Novemba 1918. Kufikia hapo makumi ya maelfu ya wapagazi walikuwa wamekufa, hasa kwa kuhara damu, malaria na njaa. Mishahara ya marehemu wengi haikufika kwa jamaa zao, na mwaka uliofuata ardhi ikagawiwa askari wazungu.