Eli na Samweli Nyumbani Mwetu

Somo: 1 Samweli 3:1–18



Julai 2020, makanisa ya Kenya yalipofunguliwa tena baada ya kufungwa kwa ajili ya korona, uliwekwa utaratibu kwamba wenye umri wa zaidi ya miaka 58 na watoto wa chini ya miaka 13 wabaki nyumbani. Kwetu tulibaki wawili: mimi, mwalimu mstaafu, na mjukuu wangu wa miaka 10. Ibada ililetwa kwa intaneti. Simu nilikuwa nayo, ila sikujua kuifungua ibada hiyo. Mtoto aliponiambia, "Babu, lete nikuonyeshe," nilimjibu kwamba kitabu changu cha sala kinanitosha. Ndugu zangu, sikusema kweli. Niliona haya. Nimefundisha watoto kusoma zaidi ya miaka 30. Nitafundishwaje na mtoto?

Jumapili nne zikapita, ndipo nikamwita. Alipofungua mahali pa ujumbe, tulisikia sauti ya mwenzangu niliyesoma naye chuo cha ualimu. Alikuwa mgonjwa, akaniomba nimpigie tusali pamoja. Ujumbe ulikuwa wa siku 19. Yeye alikuwa amekwisha kuzikwa.

Mwangalieni mzee Eli. Macho yake yalikuwa yameanza kupofuka, na sauti aliyoisikia mtoto yeye hakuisikia. Lakini hakumwonea wivu Samweli. Mtoto alisikia, mzee akatambua ni nani aitaye. Kulipokucha, Eli alimtaka mtoto amweleze yote asimfiche neno, ingawa habari zenyewe zilikuwa chungu kwake.

Wazee wenzangu, tuseme, "Nifundishe." Kisha tuishike simu wenyewe, kwa maana hakuna mwanafunzi aliyejua kuandika kwa kutazama tu mkono wa mwalimu. Wala tusiiache busara ya uzee. Mtu akipiga simu na kutaka namba yako ya siri ya M-Pesa, hata akijiita nani, usimpe. Hapo mtoto asikia sauti, na mzee hutambua ni ya nani.

Nanyi vijana, msitunyang'anye simu mkaimaliza kazi upesi na kutuacha vile vile. Tuliwashika mikono mlipoandika a, e, i. Nanyi mtushike.

Bwana atupe unyenyekevu wa kufundishwa hata wakati wa mvi, tusije tukachelewa tena mwenzetu anapoita. Amina.