Katiba ni Ahadi

Ndugu Waislamu, tumeamrishwa kutimiza ahadi. Katiba ya Kongo ni ahadi: raia waliipitisha kwa kura Desemba 2005, ikatangazwa tarehe 18 Februari 2006. (Wengi wetu hapa Kirungu hatujaishika mkononi.)

Januari 2011 wakubwa waliigeuza, wakafuta duru ya pili ya kumchagua rais. Desemba mwaka huo huo Kabila akatangazwa mshindi bila kufikisha nusu ya kura. Kubadili sheria si haramu. Dhuluma ni mwenye kiti kujibadilishia mwenyewe.

Kifungu cha 220 kinakataza kugusa idadi na urefu wa mihula ya rais. Oktoba 2024, Kisangani, Rais Tshisekedi alisema ataunda tume ya kuandaa katiba mpya. Wakikuletea karatasi ya kutia sahihi pamoja na kitenge, ndugu yangu, uliza kwanza: kifungu gani, na kwa faida ya nani?