Sadaka Iliyofungiwa Njia



Katika Hesabu 16, tangu mstari wa 36, imo habari ambayo wengi huipita upesi, maana macho yao yangali yakiitazama nchi iliyommeza Kora. Watu 250 wamekufa kwa moto, na vyetezo vyao vya shaba vimebaki majivuni. Vifanyweje? Kazi yake ya kwanza imekwisha. Hapana atakayevukizia uvumba ndani yake tena. Lakini Eleazari mwana wa Haruni hakuamriwa kuviuza, wala kuwarudishia jamaa za wafu. Aliamriwa kuviokota vifuliwe kuwa mabamba ya kuifunika madhabahu. Na sababu yatajwa palepale: vilikuwa vimekwisha kutolewa mbele za Bwana. Shaba ile iliacha umbo lake, haikuacha madhabahu.

Twaikumbuka habari hii kwa ajili ya jambo lililotupata sisi wenyewe. Katika usharika mmoja tuliouchunga palikuwa na mtoto mgonjwa wa moyo, ikampasa kupelekwa hospitali ya mbali. Watu wakatoa: huyu fedha, huyu mkungu wa ndizi, huyu kuku, vikauzwa kwa mnada mlangoni pa kanisa baada ya ibada. Kabla ya siku ya safari mtoto akafa. Tulipokwisha kumzika, fedha zilikuwa zingali sandukuni, na mabati ya kanisa yalikuwa yakivuja. Twakiri mbele yenu kwamba aliyeyataja mabati kwanza hakuwa mzee wa kanisa. Kinywa kilikuwa chetu.

Ndipo mzee mmoja, mtu asiye na maneno mengi, akatuuliza, Je, mchungaji, fedha hizi mngalipewa kama mngaliomba mabati? Tukanyamaza, maana tulikuwa tumekwisha kuyaomba mara mbili, tusipewe.

Shida hii iliwapata wengine kabla yetu, tena katika jambo kubwa kuliko paa. Katika mji wa Boston, huko Marekani, alikuwako mtu jina lake Francis Jackson, aliyeuchukia utumwa. Alikufa mwaka 1861, akaacha katika wasia wake dola 10,000 za kuchapa vitabu na magazeti na kutoa hotuba, hata mioyo ya watu igeuke, utumwa wa watu weusi ukome katika nchi yake. Akaacha na dola 2,000 za kuwasaidia watumwa waliotoroka. Fedha hazijatumika bado, vita vikaisha, na mwezi wa Desemba 1865 utumwa ukafutwa katika sheria kuu ya nchi ile. Basi fedha zile zipigane na nini? Warithi wakasema, Kazi imekwisha, turudishiwe. Wasimamizi nao hawakupatana. William Lloyd Garrison alitaka ziwafundishe watu waliofunguliwa. Wendell Phillips alitaka zilisaidie gazeti lililowadai haki ya kupiga kura. Watu hao walikuwa wamepigania uhuru pamoja miaka mingi, na sasa fedha zikaleta uchungu kati yao.

Mwaka 1867 mahakama kuu ya Massachusetts ikakata shauri. Warithi hawakurudishiwa. Fungu la kwanza likapewa chama kilichowafundisha watu waliotoka utumwani katika majimbo ya kusini. Fungu la pili likawaendea maskini wenye asili ya Afrika waliokaa Boston na kandokando yake. Wanasheria wa Kiingereza wanayo kanuni hii tangu zamani, nao huiita kwa maneno ya Kifaransa cha kale ambayo maana yake ni kama kusema, karibu iwezekanavyo.

Na tulishike neno hilo, karibu. Mahakama haikuuliza ni kazi gani iliyo njema, maana kazi njema hazina hesabu. Hata kisima ni chema, hata daraja. Iliuliza moyo wa Jackson ulielekea wapi. Wala mtu asiseme kwamba njia imefungwa, kumbe imekuwa ndefu tu. Kama mtoto yule angalikuwa hai, na safari yake imeahirishwa mwaka mzima, tusingalikuwa na ruhusa ya kununua hata msumari mmoja. Wako wazee wa kanisa, twasema kwa upendo, ambao kwao kila sadaka hufungiwa njia siku ile ile mvua inapoanza.

Tena liko jambo ambalo mahakama ile haikuwa nalo, nasi tulikuwa nalo. Jackson alikuwa amekwisha kufa, hakuweza kuulizwa. Waliotoa kwetu walikuwa hai, wengi wao mwendo wa nusu saa kwa miguu. Mtume Paulo, katika 2 Wakorintho 8, hakuichukua peke yake changizo ya watakatifu. Makanisa yalichagua mtu wa kufuatana naye, ili asilaumiwe. Basi tukawatuma wazee wawili pamoja na mjomba wa marehemu, wakaenda nyumba kwa nyumba na daftari. Karibu wote walisema, Zitunzwe ziwe nauli ya wagonjwa waendao hospitali, watoto kwanza. Wachache walitaja mabati. Mjane mmoja akasema, Mimi nirudishiwe bei ya kuku wangu, nilimtolea mtoto yule.

Mzee aliyeshika fedha akanung'unika, akisema kwamba kilichotolewa kimetolewa. Tukamwambia ampe. Sisi ndio tuliokwenda kumwuliza. Tungemwulizaje mtu, kisha tukalikataa jibu lake? Akaipokea, akaihesabu, akaifunga katika pindo la kanga yake.

Jumapili iliyofuata hesabu yote ilisomwa ibadani, na bei ya kuku yule pamoja. Mabati tuliyaomba tena mwezi wa nane, kwa jina lake yenyewe.