Kipimo Kisichopima

Tuseme mtu anakuambia una ugonjwa, na kweli unao, ila hakukupima. Amekudanganya au hajakudanganya?

Nauliza kwa sababu ya kesi moja ya Marekani. Mwaka 2019 kampuni ya maduka ya Office Depot ilikubali kulipa dola milioni 25, na Support.com iliyoipa programu ikalipa milioni 10, kumaliza mashtaka ya Tume ya Biashara ya huko. Dukani mteja alipewa uchunguzi wa bure wa kompyuta. Kwanza anaulizwa: mashine imekuwa nzito? Inazima yenyewe? Inaleta matangazo hovyo? Imewahi kutoa onyo la virusi? Kwa maelezo ya tume, ukisema ndiyo kwa swali moja tu, jibu limeshapatikana: dalili za virusi zipo. Kule kuskani kulikofuata hakukuamua hilo. Halafu unauziwa matengenezo, pengine ya mamia ya dola.

Sasa nani kompyuta yake si nzito? Huku Muyama laptopu nyingi zinafika zikiwa zimeshachoshwa na wenyewe wawili watatu. Ndiyo iko mdomoni kabla ya swali. Ni ramli ileile: "Hulali vizuri? Kuna jirani hakupendi?" (Ila mpiga ramli anadai kuku wake mapema, hajifanyi wa bure.)

Jirani yangu, mwalimu, aliniletea yake imejaa maandishi mekundu. Programu ya bure aliyoipakua ilikuwa imeona "hatari 312", na haiziondoi mpaka alipie. Tukaifuta. Hatari zote zikaondoka nayo. Hela hakupoteza. Lakini wiki iliyofuata kinga halisi ya mashine ilipomwonya juu ya flashi iliyotoka steshenari, alicheka tu, akafunga onyo. "Na hawa nao wanataka hela."

Kwa hiyo hata yule mteja ambaye kweli alikuwa na virusi, mimi nasema alidanganywa. Aliambiwa mashine yake imechunguzwa, kumbe amerudishiwa jibu lake mwenyewe, likiwa na bei.

Na karani? Alikuwa na malengo ya mauzo ya kufikisha, simhukumu haraka. Tume ilieleza kuwa mwaka 2012 mfanyakazi mmoja aliwalalamikia wakubwa: hawezi kukubali kumwongopea mteja, wala kutegwa amwongopee, ili duka lipate vijisenti. Programu iliendelea kutumika hadi mwishoni mwa 2016.