Mnyweshaji Alisahau

Somo: Mwanzo 40:1 hadi 41:16



Jumatano baada ya maombi ya mchana, dada yetu mmoja wa kikundi cha vijana alibaki nyuma. Amemaliza kidato cha nne. Alituma maombi ya kujiunga na chuo kimoja cha Marekani, pamoja na ombi la kusaidiwa karo. Chuo kikamwandikia kwamba huenda mhitimu wao wa zamani akamtafuta kwa mahojiano.

Tangu siku hiyo simu haitoki mkononi. Analala nayo. Stima ikipotea hapa Uriri, yeye huyo juu ya bodaboda hadi Awendo kutafuta chaji. Hii ni wiki ya sita. Wenzake wawili walioomba pamoja naye wameshahojiwa. Akaniuliza, “Pasta, ulitangaza madhabahuni kwamba nimepita. Sasa wakininyamazia hivi, ni Mungu amedanganya ama ni mimi sina imani?”

Wapendwa, nilikosa jibu. Ni kweli nilitangaza. Kanisa likapiga vigelegele, mama yake akalia. Lakini sikuwa nimesikia neno kutoka kwa Bwana. Nilimpenda mtoto, nikachangamka, nikaweka mdomo wangu mahali pa Mungu. Nimemwomba msamaha, na leo nawaomba ninyi pia. Kumtia mtu moyo ni kitu kimoja. Kusema “Bwana amesema” ni kitu kingine kabisa.

Sasa tufungue Neno. Yusufu yuko gerezani bila kosa. Anamtafsiria ndoto mkuu wa wanyweshaji, kisha anamwomba jambo moja: ukirudi kwa Farao, nitaje. Angalieni hapo. Kumwomba mwanadamu msaada si dhambi. Yusufu alikuwa na Mungu, na bado aliomba. Yule mtu akatoka, akarudishiwa kikombe chake, akasahau. Ikapita miaka miwili mizima.

Jambo la kwanza: ukimya wa mwanadamu si hukumu ya Mungu. Mnyweshaji hakukaa akaamua kwamba Yusufu hafai. Alisahau tu. Hata haya mahojiano yako hivyo. Anayehoji ni mhitimu wa zamani anayejitolea, ana kazi yake na watoto wake. Mahali pengine wahitimu ni wachache, waombaji ni wengi, kwa hiyo si kila mtu hupigiwa. Vyuo vingi vimesema wazi kwamba asiyepata mahojiano hapunguziwi chochote. Na huyo anayehoji haamui. Anaandika ripoti, ofisi ya chuo ndiyo inaamua. Kwa hiyo, binti yangu, usimfanye mnyweshaji kuwa Farao, wala usimfanye Farao kuwa Mungu.

Jambo la pili: Yusufu hakuacha kazi kwa sababu anangoja. Mwanzo 39 inatuambia mkuu wa gereza alikuwa amemwachia shughuli zote mkononi mwake. Basi wewe unayengoja, KUCCPS wakifungua maombi, omba. Usiseme, “Mimi naenda ng’ambo, hiyo si yangu.” Kuomba vyuo vya hapa nyumbani si kumwonyesha Mungu shaka. Angalia barua pepe mara moja asubuhi na mara moja jioni, pamoja na lile kasha la barua taka, halafu weka simu chini. Ukiona muda umekwenda sana, andikia ofisi ya chuo barua moja ya adabu uulize. Moja, si kumi. Na mtu akikupigia akitaka pesa ndiyo akuhoji, huyo ni mwizi. Mahojiano ya kweli hayalipiwi.

Jambo la tatu: siku ya kuitwa ilikuja ghafla. Yusufu akanyoa, akabadilisha mavazi, akaingia. Farao alipomsifu kwa kutafsiri ndoto, jibu lake likawa kwamba si yeye, ni Mungu. Hakujikweza, na pia hakujificha. Ukipigiwa, usiigize Kiingereza cha mtu mwingine. Sema ukweli wa maisha yako. Kama unafundisha watoto Jumapili, sema. Kama umepalilia miwa na nyanya yako ili mpate karo, sema, tena usione haya.

Wazee wetu wanaujua mngojo huu. Mwaka 1959 ndege moja iliondoka Nairobi na wanafunzi 81 kwenda kusoma Marekani, kwa juhudi za Tom Mboya, ambaye kaburi lake liko hapa karibu, Rusinga. Mwaka uliofuata Wangari Maathai naye akaenda kwa mpango huo. Tunawakumbuka waliopanda. Lakini walioomba walikuwa wengi kuliko viti. Je, waliobaki walikataliwa na Mungu? La hasha! Kiti cha ndege si kipimo cha upendo wake.

Wazazi, neno kwenu. Msimwulize mtoto kila jioni, “Wamepiga?” Na sisi washirika, tusimzuie mlangoni baada ya ibada kumuuliza atasafiri lini. Anabeba mzigo wake, tusimwongezee wetu. Mwite mje mle naye ugali, muongee habari nyingine.

Dada yetu amenisamehe. Alhamisi aliacha simu nyumbani ikichaji, akaja mazoezi ya kwaya, akaimba mpaka mwisho. Simu ilikuwa haijalia aliporudi. Hata leo haijalia.

Uamuzi wa chuo unatarajiwa mwishoni mwa Machi. Sitatabiri tena. Ninachoahidi ni hiki: ikija ndiyo, tutamshukuru Mungu hapa mbele. Ikija hapana, tutamwita hapa hapa mbele na kumshukuru Mungu kwa ajili yake, kwa sauti ile ile.

Tuombe. Baba, wakumbuke wote wanaongoja wiki hii: wa vyuo, wa kazi, wa majibu ya hospitali. Wakisahauliwa na watu, wajue wewe hujawasahau. Wape mikono ya kufanya kazi wakati wa kungoja, na ulimi wa kweli siku ya kuitwa. Utusamehe sisi watumishi tunaosema kabla hujasema. Katika jina la Yesu. Amina.